Mgomba Mliouvika Jaketi Langu

Kamango, tarehe 12 Oktoba 2025
Mwaka mmoja na miezi saba tangu niondoke Vuhovi

Mpendwa mdogo wangu Delphin,

Nakusalimu sana. Habari ya mwili? Magoti ya mama yetu Berthe yanaendeleaje? Mke wangu Kyakimwa na binti yangu Victoire wanakula vizuri? Mimi nina homa kidogo, na mgongo unauma kwa kubeba kakao, lakini napumua. Nimeanza na hilo kwa sababu najua halitakufurahisha.

Huku tunavuna toka asubuhi, na mvua inanyeshea kakao tuliyoanika. Hakuna anayejua jina langu. Wote wananiita Papa Victoire.

Wiki iliyopita alifika mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Butembo, Mademoiselle Élise. Anaandika kitabu cha kumaliza masomo juu ya namna makabila mbalimbali yanavyomlilia mtu ambaye maiti yake haikuonekana. Alinichukua nimbebee mizigo na kumtafsiria kwa Watalinga, wenyeji wa huku. Aliniambia Wajaluo wa Kenya huzika tunda kubwa la mti. Sisi Wanande, mgomba. Nilimjibu ni kweli, nimeona migomba mingi ikizikwa miaka hii, maana wauaji hawaturudishii watu wetu.

Basi akafungua simu anionyeshe picha. "Papa Victoire, hii ya Vuhovi ilikuwa muzuri sana, lakini mvua ilinisumbua."

Niliona nyumba yangu. Niliona Mama ameketi chini, kichwa kimenyolewa. Niliona shimo, na ndani yake mgomba umevikwa jaketi la buluu lenye kiraka kwenye kiwiko, kiraka alichoshona Kyakimwa kwa uzi mwekundu. Msalabani mliandika jina langu, Sikuli.

Delphin, jaketi hilo nilikutumia mimi. Wauaji walipovamia kambi yetu Februari, nilikimbilia Uganda, simu ikabaki. Niliporudi nilimpa dereva Ésaïe jaketi, na karatasi mfukoni: Niko mzima, mwambie Mama. Ésaïe anasema alikukabidhi mkononi, ukampa chai, ukamwambia asijisumbue kufika nyumbani, utawaambia mwenyewe. Tangu hapo namba yako haipatikani.

Nilimwomba Élise anisomee daftari lake la Vuhovi. Humo umesema jaketi uliliokota kando ya mto, mwili ulienda na maji. Umesema pia kwamba siku ya kuondoa matanga, Jumamosi tarehe 8 Novemba, wazee watakukabidhi nyumba na mjane, na Élise umemwalika apige picha.

Hapo nikamwambia Sikuli ni mimi. Aliniomba radhi, kisha akachukua kalamu. "Papa, mu kitabu yangu hapana mutu mwenye alirudia. Unaweza ngoja vacances, chuo kifungwe, njo urudi? Nikuwe pale."

Nilicheka, ndugu yangu. Sikuwa nimecheka tangu Februari.

Alinieleza kwamba zamani, huko Ugiriki, mtu aliyeliliwa kisha akarudi aliogeshwa na kufungwa nepi kama mtoto mchanga. Huko Roma hakupita mlangoni, alishushwa kupitia paa. Kwetu unajua mwenyewe: anangoja nyuma ya nyumba mpaka aliyeuzika mgomba aung'oe kwa mikono yake, mbele ya watu.

Kwamba ulitamani shamba, naelewa. Kwamba ulimtamani Kyakimwa, nilijua kabla sijaondoka. Lakini Mama ulimnyoa wewe. Katika picha ya tatu wembe uko mkononi mwako, na karatasi yangu ulikuwa umekwisha kuisoma.

Barua hii atakupa Élise mwenyewe. Safari hii haipiti mfukoni: ameinakili yote kwenye daftari, na tarehe 8 atakuwepo. Mwambie Mama siku hiyohiyo utakapoipata. Usimtume mtu. Mwambie kwa mdomo wako, ukimtazama.

Nisalimie shangazi Orpa, aliyenililia mpaka akaanguka; nimemwona pichani. Kyakimwa mwambie asinyoe tena. Victoire mwambie asikimbie akiniona, mizimu haina mikono yenye malengelenge.

Mungu akulinde na magonjwa na risasi. Namwomba hivyo kila siku tangu wiki iliyopita, kwa moyo wangu wote, ili nikukute mzima.

Tajiri wetu atatuachia tuondoke kakao ikiisha, kisha nitangoja msafara wa askari wa kutusindikiza mpaka Beni. Nitafika Vuhovi Jumamosi hiyo ya tarehe 8, saa sita mchana, watu wakiwa wameketi. Nikikuta mgomba umekwisha kung'olewa, nitapita mlangoni na tutakula pamoja. Nikiukuta bado uko chini, nitafanya kama Warumi. Bati zile nilizipigilia mimi, na kila msumari naujua mahali ulipo.

Kaka yako uliyemzika, akupendaye bado,

Sikuli