Mbwa Mkubwa kwa Nyumba Yetu Ndogo

Lakini nimchukue au nimwache, hapo ndipo sijamjibu mume wangu bado, na leo Jumapili nimeamka na swali hilohilo kichwani.

Kuna upepo. Ule upepo wa Isiolo unaoanza mapema, ukapita chini ya mlango na kuacha vumbi laini juu ya meza niliyoipangusa sasa hivi. Nimetoka kanisani, nimevua viatu, nimechemsha chai ya watu wawili. Bado sijajifunza kuchemsha ya mtu mmoja.

Mume wangu. Acha niandike tena: mume wangu! Tangu harusi nimeyaandika maneno hayo kila mahali, hata nyuma ya risiti ya unga. Mutuma ni fundi wa pampu za visima na kazi yake iko Merti, mbali huko kaskazini kando ya Ewaso Nyiro, mahali ambapo mtandao huja kama mgeni asiyependa kukaa. Akitaka kunipigia hupanda juu ya tangi la maji ili anisikie vizuri. Hebu fikiria, mwanamume kupanda tangi kwa sababu ya sauti yako. Nikilikumbuka jambo hilo nikiwa sokoni hucheka peke yangu, na mama wa mboga huniuliza kama nimepata pesa.

Nina furaha. Nataka hilo lijulikane kwanza.

Na niko mpweke sana.

Sikujua kwamba hayo mawili yanaweza kukaa nyumba moja bila kugombana. Asubuhi naangalia pete yangu ikimeta kwenye maji ya vyombo, nasema asante Mungu. Jioni naisikia redio ya jirani, nasikia watu wanacheka ndani ya nyumba zao, na hapo naongeza sauti ya redio yangu ili nyumba isijue kwamba tuko sisi wawili tu, mimi na yenyewe.

Mwezi uliopita nilienda dukani kununua maziwa. Niliporudi, kamba ya nguo ilikuwa tupu. Mtu alikuwa ameruka ua, akachukua shuka mbili na lile shati la bluu la Mutuma ambalo nilikuwa nimekataa kulifua, nikalitoa nje lipate hewa tu. Nililia kwa ajili ya shati. Shuka hata sikuzikumbuka mpaka wakati wa kulala.

Nilipomwambia Mutuma, akasema, "Kendi, ama tutafute mbwa mkubwa, ama uende kwa mama yangu mpaka mkataba wangu uishe."

Mama mkwe wangu ni mtu mzuri. Yuko Meru, ana shamba, ana migomba, anapika kuliko mimi. Lakini jikoni kwake kuna mwenyewe. Hapa Wabera, katika vyumba hivi viwili na ua wa mabati, pazia nililichagua mimi. Msumari wa picha ya harusi niliupigilia mimi, na nikajigonga kidole. Sitaki kuanza ndoa yangu nikiwa mgeni wa mtu. Lakini pia, tangu siku ile ya shati, sijathubutu kwenda mbali. Mutuma ameniita Merti nimtembelee, nami kila mara nasema bado. Nikiondoka, nani atabaki na nyumba?

Kwa hivyo, mbwa.

Jumatano nilipanda boda mpaka kwa mwalimu mmoja mstaafu anayefuga mbwa wakubwa, huko kwenye barabara ya kuelekea Meru, pale hewa inapoanza kupoa. Nilivaa gauni langu zuri na leso mabegani, kana kwamba nakwenda kuposa.

Wa kwanza alikuwa German Shepherd, yule ambaye hapa mjini kila mtu humwita Jamani Shefa. Mrembo ajabu! Masikio yamesimama, macho yana akili, manyoya kama blanketi la watu wa milima ya Nyambene. Lakini hata huko kwenye baridi kidogo ulimi ulikuwa nje na mbavu zinapanda na kushuka. Nikamfikiria kwenye jua letu la mchana, nikamhurumia.

Wa pili alikuwa Rottweiler. Huyu Mutuma angempenda. Kifua kama cha bondia, kichwa kama sufuria ya sherehe. Alinitazama kama askari wa mlango wa benki anavyomtazama mtu aliyekuja na begi. Nilimwambia habari yako, hakujibu. Mwalimu alisema ni mwaminifu sana akikuzoea. Niliamini, lakini nilijiuliza nitaishi vipi na mtu wa pili asiyezungumza.

Wa tatu alikuwa Boerboel, jike, jina lake Tosha. Rangi ya mchanga, nywele fupi, uso mweusi wenye mikunjo kama wa bibi aliyesikia habari mbaya. Mkubwa! Nikisimama, mgongo wake unafika kwenye paja langu. Alitembea polepole mpaka kwangu, akainusa mikono yangu, halafu akaegemea. Akaniegemea tu, kwa uzito wake wote, nusura nianguke, na kichwa akakilaza kwenye leso yangu. Nikasimama hapo nikimshika masikio.

Hakuna mtu aliyeniegemea tangu Mutuma aondoke.

Nilirudi nyumbani nikiimba. Nikamtumia Mutuma picha. Nikaanza kuhesabu mifupa nitakayoomba buchani, nikapanga Tosha atalala wapi: kwenye mkeka, mlangoni mwa chumba chetu, ili nikiamka nimsikie akipumua.

Sasa niandike sehemu ngumu.

Jirani yangu wa karibu ni Mama Halkano, Mborana, mtu mzima, watoto wake wote wameoa na kuolewa. Yeye ndiye aliyenipokea nilipofika hapa na masanduku yangu. Kila siku alasiri anakuja kwangu. Ananiita intala, yaani binti. Tunakunywa chai, ananicheka ninavyoitikia salaam aleikum yake, na wakati wa swala ukimkuta hapa nampa maji atawadhe, nachukua leso safi, namtandikia sebuleni, mimi natoka niende jikoni mpaka amalize. Imekuwa desturi yetu. Hakuna anayeomba, hakuna anayeuliza.

Jumatano alikuja kama kawaida. Swala ikamkuta hapa. Nami, nikiwa bado naimba moyoni, nikashusha leso mabegani, nikamtandikia.

Nilikuwa nimeshika sufuria ya chai nilipokumbuka kichwa cha Tosha.

Mate ya mbwa. Kwenye leso. Na Mama Halkano ameshaanza kuswali, huwezi kumkatiza, huwezi kupita mbele yake. Nilisimama mlangoni mwa jikoni nikiona paji lake la uso likienda chini, pale pale, palipokuwa na alama iliyokauka. Ningeweza kunyamaza. Nakiri, nililifikiria hilo kwa urefu wa rakaa nzima. Lakini alipotoa salamu kulia na kushoto na kunigeukia akitabasamu, nikamwambia. Nikamwambia yote, mpaka na mahali nilipopanga mbwa alale.

Hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Aliinuka, akaishika leso kwa ncha za vidole, akaiweka kando. "Wacha niende nikaoge, niswali tena," akasema. Chai ikabaki mezani.

Alhamisi hakuja. Ijumaa hakuja. Jana nilimwona kwa mbali akirudi sokoni, nikainua mkono, naye alikuwa anaangalia njia.

Nimeuliza huku na huku. Nimeambiwa kwa Waislamu wa hapa, chombo au nguo iliyoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, na moja ya hizo kwa udongo. Nimeambiwa pia kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa ndani. Jana nikaifua ile leso. Nilihesabu kwa sauti. Udongo niliuchota hapo nje, kando ya njia. Ikatoka na rangi ambayo haina jina, nikaianika.

Na hapo ndipo nilipo asubuhi hii. Mwalimu anataka jibu. Mutuma amejibu picha kwa maneno mawili, "Huyo! Mchukue!" Nikimchukua Tosha nitalala salama na jirani yangu hatakanyaga tena mlango huu. Nisipomchukua, nifungashe pazia langu niende Meru. Nilitafuta mbwa ili upweke upungue, na hata kabla hajafika nimebaki na upweke maradufu.

Nani alisema...

*

Naendelea. Nilisimama kuandika kwa sababu mtu alipiga hodi.

Sauti ilitoka nje ya lango. "Bibi arusi! Mnyama imefika ama haijafika?"

Nilikimbia bila viatu. Mama Halkano alikuwa amesimama mbali na lango, amekunja buibui mpaka kwenye vifundo, tayari kukimbia. Nikamwambia hajafika. Akaingia, akakagua ua wote, halafu macho yake yakatua kwenye kamba ya nguo.

"Hii nini?"

"Ni leso, Mama. Nimeiosha mara saba. Na udongo."

"Udongo ya wapi?"

Nikamwonyesha. Pale kando ya njia, ambapo mbuzi wa mtaa mzima hupita asubuhi na jioni. Alitazama mahali hapo, akanitazama mimi, na akashika mdomo.

"Intala! Umetoa uchafu ya mbwa ukaweka mavi ya mbuzi!"

Akacheka mpaka akashikilia nguzo. Nikacheka na mimi, na katikati ya kucheka nikajikuta nalia, na sikujua imegeuka saa ngapi. Akanivuta kwenye bega lake. Hakusema pole. Alisema tu kwamba chai inanukia na mimi namnyima.

Alikunywa vikombe viwili. Nikamwonyesha picha ya Tosha kwenye simu. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Hii ni mbwa ama ni ng'ombe? Inakamuliwa?"

Halafu akanieleza, nami nilikuwa sijui. Alizaliwa kwenye boma la wafugaji, upande huo huo wa Merti, na kwao mbwa walikuwepo siku zote. Bila mbwa fisi angemaliza mbuzi. Mbwa wa kulinda hakuna aliyemkataza, akasema, lakini ana mahali pake na binadamu ana mahali pake. Kilichomuumiza Jumatano haikuwa leso. Leso ni bahati mbaya. Kilichomuumiza ni ule mkeka mlangoni mwa chumba.

"Ukiweka mbwa ndani, mimi umeniweka nje. Sasa mimi nitakunywa chai wapi?"

Kwa hiyo siku tatu hizo alikuwa nyumbani kwake, anangoja mbwa afike, anaomboleza chai yetu. Nami nilikuwa hapa namwomboleza yeye. Ukuta mmoja tu wa mabati katikati.

Tumekubaliana. Tosha atakuwa na banda nyuma ya nyumba, chini ya mgunga ulioko huko, penye kivuli na karai la maji, kwa sababu hata mwenye nywele fupi hapa anahitaji kivuli. Bakuli lake ni lake. Nguo zangu za kumshikia ni za huko nyuma, haziingii sebuleni. Alasiri atafungwa mpaka chai iishe. Mama Halkano mwenyewe amechora kwa kidole mezani, kwenye vumbi, banda litaangalia upande gani. Mbwa wa kulinda hugeuziwa njia, anasema, hageuziwi mlango wa mwenye nyumba.

Sitamsikia akipumua usiku. Hilo limeniuma kidogo, siwezi kusema uongo. Lakini nitakwenda kwake asubuhi nikiwa na nguo zangu za nyuma, na ataniegemea.

Kisha, akiwa ameshasimama kuondoka, nikamuuliza jambo ambalo sikuthubutu kuuliza. Nikisafiri siku chache, je? "Ugali nitarusha," akasema. "Kutoka kwa ukuta. Lakini kushika, sishiki! Na umwambie asinizoee."

Baada ya hapo nimempigia mwalimu. Tosha anakuja Jumamosi.

Nimempigia Mutuma pia. Hapatikani. Nimepiga tena. Hapatikani. Upepo umetulia, Mama Halkano ameenda kwake, na nyumba imerudi kuwa ile ya watu wawili, mimi na redio. Nina habari kubwa kuliko zote tangu harusi na sina wa kumwambia. Kwa hiyo nakuandikia hapa, mpenzi, maana najua ukipata mtandao hupitia ukurasa huu kabla hata ya kunipigia.

Sitaenda Meru. Nyumba yetu itakuwa na mlinzi mwenye uso wa bibi aliyesikia habari mbaya, na mtu wa kumrushia ugali. Akishazoea banda lake, nafunga mlango, natafuta gari.

Tafuta mto wa pili wa kulalia, Mutuma. Kabla mwezi huu haujaisha, nakuja Merti.