Msimenye Dawa Kama Kiazi

Mjukuu wangu Neema,

Huku Dzaleka tuko wazima, mjomba wako anashona sare za kwaya. Unauliza kwa nini maji ya mizizi ya okidi mnayopima chuoni kule Lilongwe hayaui vijidudu, na mwalimu anataka kufunga kazi yako. Lakini umeandika mwenyewe: "Koko, tunaimenya vizuri sana." We mtoto, nani alikutuma kumenya?

Nikiwa msichana kule Fizi niliimenya hivyo, maganda nikatupia kuku, ikawa nyeupe, nikajisifu. Mama akaonja, akatema. "Dawa umepatia kuku, mi umeniletea chakula."

Ule uchungu unaokausha ulimi njo dawa, na unakaa kwenye ganda. Kesho pimeni ganda peke yake, uniandikie palepale, roho yangu haitulii. Ikikubali, andika jina la mama yangu kwenye kitabu chenu. Kusoma hakujua, lakini alipima kabla yenu.

Koko yako