Hatua Mbili za Shamba la Mama Bernadina

Mpendwa Mama Naomi, naomba msaada wako, na nakuomba jina langu ulifiche, ila mengine yote uyaache kama nilivyoyaandika, kwa sababu nimeshajaribu kuyaeleza kwa kuyapunguza nikaona nazidi kujidanganya.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tisa, naishi Karatu mjini, nimesomea kompyuta Arusha na nimeajiriwa na shirika dogo linalosaidia vijiji kutunza vitabu vya ardhi, vile vya zamani vilivyopigwa taipu, vinavyoonyesha shamba la fulani lina urefu hatua ngapi na upana hatua ngapi na limepakana na nani, na kazi yangu ni kuviskani ukurasa kwa ukurasa na kuviingiza kwenye programu niliyoiandika mwenyewe, ili afisa wetu akiwa kijijini afungue ukurasa kwenye simu bila kubeba kitabu, na programu hiyo, Mama, ndiyo iliyokuwa fahari yangu, mpaka mama yangu mzazi akawa anawaambia wenzake kanisani kwamba mwanawe ameweka mashamba ya watu ndani ya simu.

Shida ilianza na mtandao, maana ukurasa ukitoka kwenye skana ni mzito, na afisa wetu akiwa upande wa Soitsambu akiufungua anakaa na simu mkononi mpaka chai inapoa na ukurasa haujafika nusu, basi mwezi wa pili mwaka huu nikaamua kuongeza kwenye programu sehemu ya kubana mafaili, na nikachagua njia iliyonifurahisha kwa ujanja wake: kwa kuwa kitabu kimepigwa taipu na herufi zake zinafanana, programu haitunzi kila nane iliyomo kwenye ukurasa, inatunza nane moja tu, na kila inapokuta alama inayofanana nayo inabandika ileile, hivyo faili linakuwa dogo sana, na mimi nikataka liwe dogo zaidi, nikalegeza kipimo cha kufanana, nikatazama kurasa tatu kwa macho, nikaona herufi zimetoka safi kuliko hata kwenye karatasi, nikaridhika, nikaiweka kazini, na ili kuokoa nafasi nikaiagiza programu ifute picha za mwanzo.

Watu walinisifu, na kweli kurasa zilianza kufunguka mara moja hata Loliondo, na wakati huohuo mambo yangu ya nyumbani yalikuwa yananyooka, kwa kuwa nilikuwa nimemchumbia Angela, binti wa mzee Patrisi, mkulima wa kijiji kimoja upande wa Qurus, na posa ilikuwa imepokelewa, nami naenda pale kama mtoto wa nyumbani.

Jirani wa mzee Patrisi ni Mama Bernadina, mjane, mumewe marehemu Julius alifariki miaka sita iliyopita, na shamba lake linaanzia barabarani na kuishia kwenye mstari wa miti tisa ya migrevilea aliyoipanda marehemu, sasa mwezi wa sita mzee Patrisi alitaka kuzungushia shamba lake uzio, akaomba mpaka upimwe, afisa wetu akaja, akafungua ukurasa kwenye simu, ukasema shamba la Mama Bernadina lina upana wa hatua sitini na sita, wakapima kutoka barabarani, na mpaka ukaangukia kabla ya kuifikia ile migrevilea, kwa maana kwamba miti yote tisa ilikuwa imesimama kwenye ardhi ya mzee Patrisi.

Mama Bernadina alikataa, akasema ni sitini na nane, mumewe alizihesabu mbele yake mwaka walipopewa shamba, na kwa uchungu akawaambia watu kwamba Patrisi anamwibia mjane, mzee naye akaumia, akapeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukaitwa kikaoni, na mimi nikaitwa kama mtaalamu, na mtu mmoja alipouliza kitabu chenyewe kiko wapi ikajibiwa kwamba kilishaliwa na mchwa na masika ya mwaka huu paa la stoo lilivuja, kimekuwa uji. Hapo Mama Bernadina alinigeukia mimi, hakuwa na hasira, akaniuliza, "Mwanangu, una hakika hiyo mashine yako haiwezi kubadilisha namba?"

Nikamjibu, "Kompyuta inatunza ilichopewa, mama. Haiongezi wala haipunguzi."

Nililisema hilo nikiwa nimesimama, Mama Naomi, na watu wakatikisa vichwa kukubali, na kikao kikaamua Mama Bernadina amwombe jirani yake radhi kwa kumwita mwizi, akasimama akaomba, kwa sauti ya chini, akaketi, na wiki iliyofuata mzee Patrisi akakata ile miti akaweka nguzo, na tangu hapo yule mama haendi tena kwenye sala za jumuiya, Angela ndiye aliyeniambia, akisema labda ni aibu.

Sasa wiki mbili zilizopita nilikuwa natazama ukurasa wa kijiji kingine, wala sikuwa natafuta kosa, macho yangu yakapita kwenye namba za mistari nikaona thelathini na sita, thelathini na saba, thelathini na sita, thelathini na tisa, nikarudia kusoma nikidhani nimechoka, nikaelewa kwamba ile nane ya thelathini na nane ilikuwa imefifia kwenye karatasi, programu ikaiona inafanana na sita, ikabandika sita, safi, nyeusi, isiyo na dalili yoyote ya kosa, na nikabaki palepale kwenye kiti nikiusoma ukurasa mstari kwa mstari. Nikakumbuka nina flashi yenye picha za mwanzo za vijiji viwili nilivyovianza kabla sijaongeza kubana, nikaitafuta nyumbani nikaipata kwenye begi la zamani, nikaufungua ukurasa wa Mama Bernadina: upana hatua sitini na nane.

Nimemwambia mtu mmoja tu, Joel, tunafanya naye kazi, mwenyeji wa Moshi, mtu mwema kwangu siku zote, akasema, "Una flashi moja na unajua wewe peke yako. Rekebisha programu kimyakimya, hiyo flashi ipotee, uoe, uishi. Hatua mbili hazimuui mtu." Na mimi, Mama, sikumkatalia, nikabaki nafikiri kwamba mzee Patrisi atafedheheka mbele ya kijiji kizima kwa kosa lisilo lake, na Angela ataniona mimi ndiye niliyemtia baba yake kwenye dhambi ya kumdhulumu mjane, na kazini nitafukuzwa, na tangazo letu la kwanza la ndoa limeshasomwa kanisani, la pili ni Jumapili hii. Flashi inakaa mfukoni mwangu kila siku, nashindwa kuitupa na nashindwa kuitoa. Nifanye nini?

Mwenye Flashi, Karatu

*

Mwanangu Mwenye Flashi,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla sijakugombeza nataka ujue kwamba nimekuonea huruma. Mtu mwenye roho mbaya angeshaitupa hiyo flashi siku ileile wala asingeniandikia. Kosa la kwanza ulilifanya kwa nia njema. Watu walikuwa wanangoja kurasa hazifunguki, ukatafuta njia. Kukosea kazini si dhambi. Umelibeba peke yako kwa wiki mbili, na naona limekuelemea.

Lakini sasa nisikilize vizuri. Kosa lako kubwa halikuwa kubana mafaili. Uliulizwa swali la kweli na mama mtu mzima, mbele ya watu, nawe ukamjibu jambo ambalo hukuwa umelihakiki. Ulitazama kurasa tatu kwa macho. Hukulinganisha namba hata moja. Ungeweza kumwambia, "Mama, sijui, ngoja nikaangalie," na leo miti ingekuwa imesimama. Kwa hiyo usije ukaenda kwa mtu yeyote ukasema kompyuta ilikosea. Sema mimi nilikosea. Watu wa kijijini wana masikio, watasikia tofauti.

Na kuna jambo jingine lililonishangaza. Umeniandikia habari za harusi yako, kazi yako na mkwe wako, ila hukuniambia ni kurasa ngapi ziko ndani ya programu hiyo. Umefungua ukurasa mmoja tu kwenye flashi. Je, wengine? Kuna watu wangapi huko ambao namba zao zimegeuka na bado hawajajua kwa sababu hawajagombana na jirani? Joel anasema hatua mbili hazimuui mtu. Joel hajui kama ni hatua mbili. Wewe pia hujui.

Basi fanya hivi. Leo, kabla hujala chakula cha jioni, nakili hiyo flashi mahali pengine pawili. Isikae tena mfukoni mwako, maana mfukoni vitu hupotea, na hiki kikipotea hakuna atakayekuamini, hata mimi. Kesho asubuhi zima hiyo sehemu ya kubana, na umweleze mkubwa wako wa kazi yote, kwa maandishi, ukimwomba maafisa wasipime mpaka wa mtu kwa kurasa hizo mpaka zihakikiwe. Akikufukuza, utakuwa umefukuzwa ukiwa msema kweli. Nadhani hatakufukuza, kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kulisafisha kosa hili.

Ukitoka hapo nenda kwa Mama Bernadina. Usianze kwa mkwe wako, na usianze kwa Angela ili akusaidie kulia. Anza na aliyeitwa mwongo. Nenda mwenyewe, usitume ujumbe wa simu, na umpelekee ukurasa uliochapishwa auone kwa macho yake. Siku hiyohiyo nenda kwa mzee Patrisi, mkiwa wawili tu, umpe nafasi ya kulijua kabla kijiji hakijamwambia. Yeye hakuiba. Aliamini kitabu, na kitabu ulikuwa nacho wewe. Mwambie hivyo, kisha unyamaze, umwache aseme atakalo.

Halafu Angela. Mwambie kabla ya Jumapili. Msichana anayetangaziwa ndoa ana haki ya kujua anaolewa na nani, pamoja na hili. Ukimficha ukamwoa, hutalala vizuri ndani ya nyumba hiyo, na yeye hatajua kwa nini.

Mwisho, omba kikao kiitishwe tena, pale pale, watu walewale. Simama ulipokuwa umesimama. Uliyosema hadharani huwezi kuyarudisha faragha.

*

Wasomaji wangu, majibu hayo nilimtumia kijana kwa simu siku niliyopata barua yake, kwa sababu Jumapili ilikuwa karibu kuliko gazeti. Ameniruhusu niyachapishe, na ameniruhusu pia niseme yaliyotokea.

Mkubwa wake hakumfukuza. Alimkemea vikali, kisha akawapigia maafisa wote simu yeye mwenyewe. Alhamisi kijana akaenda Qurus, akamkuta Mama Bernadina uani anapepeta mbaazi. Akamweleza yote, akampa karatasi. Yule mama hana miwani, akamwomba amsomee namba, akamsomea, akamwomba arudie. Anasema hakumtukana wala hakulia mara moja. Aliweka ungo chini, akasema, "Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba Julius alinidanganya. Miezi yote hii nikikaa peke yangu nilikuwa namlaumu marehemu." Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na kijana akakaa chini kwenye udongo kando yake, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

Mzee Patrisi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akauliza swali moja tu, kama yule mama ameshaambiwa. Alipojibiwa ndiyo, akaingia ndani hakutoka tena. Kesho yake majirani wakamwona anang'oa nguzo za uzio, yeye na sururu yake, kabla ya kikao chochote. Kikao kilikaa Jumamosi. Kijana alisimama akasema, na mzee Patrisi naye akasimama, akamwomba Mama Bernadina radhi, na akaahidi miche tisa. Mama Bernadina akasema miche ataipokea, lakini anataka kila mtu aliyekuwepo siku ile akumbuke kwamba miti iliyokatwa ilikuwa imefika urefu wa nyumba.

Tangazo la pili halikusomwa. Angela, baada ya kijana kumweleza yote, alimwendea padri mwenyewe akaomba lingoje, na kwa mchumba wake akasema neno moja, "Subiri." Kijana ananiuliza sasa kama amtume shangazi akaongee naye.

Usimtume mtu, mwanangu. Usimwandikie kila saa. Kakuambia subiri, wala hajakuambia hapana, na muda huo ni wake. Wewe una kazi yako. Umeniambia umeshalinganisha kurasa mia tatu na kukuta namba kumi na moja zilizogeuka, mbili kati yake za mipaka ya watu ambao hawajapigiwa hata simu. Wapigie leo. Kisha rudi ukakae kwenye kile kiti chako ufungue ukurasa wa mia tatu na moja.