Kidonda Nyuma ya Sikio la Bi Rehema

Jumamosi, 14 Juni
Nimefagia nywele, nimefua mataulo, nimechoka. Hili sijamwambia mtu: nilimuunguza Bi Rehema kwa dawa ya nywele. Mwezi wa nne, hapa hapa saluni kwa shangazi. Nilichelewa kuisuuza. Wiki iliyofuata nikaona kidonda nyuma ya sikio lake la kushoto. Hakijapona mpaka leo. Kila akija nakifunika na nywele, nanyamaza. Ana ualbino, najiambia ngozi yake ni laini, ndiyo maana kinachelewa. Shangazi akijua atanifukuza. Kwa Bi Rehema mwenyewe ndiyo kabisa, naona aibu hata kumtazama.

Jumatano, 18 Juni
Semina ya wasusi na vinyozi, ukumbi wa kanisa. Ukungu mpaka mlangoni. Karatasi zote za Kiingereza, ndiyo maana shangazi kanibeba nimsomee. Muuguzi alisema sisi tunaona sehemu za kichwa ambazo mwenyewe hazioni.
Kinyozi wa kijiji cha Kwai akauliza, "Na mwenye upara?"
Mwenzake akadakia, "Huyo tunamkagua hata akipita barabarani."
Nikacheka na wenzangu. Kisha karatasi ya tatu. Picha ya sikio, kidonda chenye gamba, kingo zimeinuka. Saratani ya ngozi. Sauti ikanikatika. Shangazi akadhani mafua.

Alhamisi, 19 Juni
Siku ya soko. Bi Rehema hakuja. Nilishukuru. Najichukia.

Alhamisi, 26 Juni
Kaja, kamaliza kuuza karoti zake. Shangazi alikuwa katoka kununua rasta. Nilisuka nusu kichwa. Nikasema yote kwa mkupuo: dawa, kidonda, picha. Mtoto kumsema mtu mzima kichwa chake! Nikasubiri kofi.
Akanitazama kwenye kioo. "Hukuniunguza. Kilikuwepo kabla, kidogo kama punje ya mtama." Akakigusa kwa kidole. "Unadhani kwa nini namkataa shangazi yako, nakutaka wewe? Yeye angesema. Wewe husemi."
Akajifunga mtandio, akaondoka na nusu kichwa.

Ijumaa, 27 Juni
Nimemwambia shangazi. Hakunifukuza. Alifunga saluni mchana, akapanda mlima hadi kijiji cha Malindi kwa Bi Rehema. Karudi viatu matope matupu.
"Kabishana na mimi mpaka koo limenikauka. Jumatatu naenda naye hospitali."

Jumamosi, 2 Agosti
Ilikuwa saratani. Wamemkata kipande cha sikio. Daktari kasema haijasambaa, ila awe anarudi kuangaliwa.
Leo kaja saluni, kavaa kofia pana. Akaivua mwenyewe.
"Haya, mwanangu. Tazama kote. Ukiona kitu, sema."
Nilitazama polepole, njia kwa njia. Kovu bado jekundu. Kwingine kote safi.
"Sijaona kitu, Bi Rehema."
"Sikukusikia."
Nikarudia kwa sauti. Mpaka wateja wakageuka.
Nimechoka, mikono inanuka mafuta ya nywele. Ndala za shangazi hizo, zinakuja mlangoni. Daftari naliweka chini ya godoro.