Plaizi Ndani ya Buibui

Kikwajuni, Jumamosi asubuhi, mwezi wa Rajabu

Mume wangu Makame,

Nshatoka eda. Nimeoga, nimejifukiza udi, nimevaa buibui jipya nililolishona mwenyewe, na upande wa kulia, chini kidogo ya kiuno, nimelitia mfuko. Ndani ya mfuko huo mna plaizi ya kukunja. Nakwambia mapema kabla hujapata habari kwa wengine, maana maneno ya mtaa huu unayajua, sitashangaa yakifika mpaka huko uliko.

Wanasema mjane hana haja ya chuma mfukoni. Wanasema pia mjane hafai kukaa peke yake. Nimewasikiliza kwa adabu, na yote mawili nimeyakataa.

Unaikumbuka ile yako? Sijapata kukuona unatoka bila ya hiyo. Ikikunjwa ilikuwa kitu kidogo tu cha kujaa kiganjani. Ukiikunjua inakuwa plaizi, na ndani ya mipini yake mna kisu, bisibisi, tupa, mkasi na kile kidude cha kufungulia makopo. Sikukuu yetu ya mwanzo baada ya ndoa, kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja, ukanda wa kiatu changu ulikatika katikati ya watu. Nilikuwa karibu kulia. Wewe ukapiga goti na kanzu yako nyeupe, ukatoa kipande cha waya sijui wapi, ukakipinda, ukakibana. Mama mmoja aliyekuwa akipita akasema, "Mwenzetu katembea na fundi wake." Hukuinua hata kichwa. Ukamjibu, "Si fundi, bi mkubwa. Mume."

Miwani ya mzee wa msikitini, zipu ya begi la msafiri usiyemjua pale bandarini, bomba la maji kwenye harusi ya watu. Nilikuwa nikikutania kwamba hata peponi utaingia unakaza skrubu za mlango. Nikikuuliza kwa nini huiachi nyumbani siku moja, unasema, "Kitu hakingoji uwe nyumbani ndiyo kiharibike."

Tulipomaliza hitima, dada yako Kazija aliiomba iwe kumbukumbu. Nilimpa kwa radhi. Ulikuwa kaka yake wa pekee, na mimi nilikuwa na mengine ya kukukumbukia. Sikujua kwamba ndiyo itakayotumika kuning'olea komeo la mlango.

Ilikuwa hivi. Nilipokuwa eda, Kazija alikuwa akija kutoka Tunguu kila asubuhi na mkate na maziwa. Siku moja usingizi ulinichukua baada ya Alfajiri, na komeo nilikuwa nimelitia kwa ndani. Akagonga, akaita, sikusikia. Akaanza kupiga kelele mpaka majirani wakatoka, mmoja akaja na mtaimbo. Nilipofungua, nilimkuta amekaa kwenye ngazi. Akanishika mikono yote miwili, akaniambia, "Wifi, nshamzika mmoja. Sitaki kuja kukuta wa pili."

Alasiri yake akatoa plaizi yako mkobani, akafungua skrubu za komeo moja moja, akalitia lote kwenye kopo la biskuti, akaliweka juu ya kabati.

Ningesema nini? Alifanya kwa mapenzi. Lakini tangu siku ile mlango wangu ulikuwa wa kila mtu. Shangazi zako, binamu zangu, majirani wa juu na wa chini, kila mmoja alisukuma akaingia na bakuli lake la uji. Hodi ilisemwa mtu akiwa yumo ndani, mara nyengine haikusemwa kabisa. Walinikuta kichwa wazi. Walinikuta nimelala juu ya shati lako. Nilikuwa sina hata pahala pa kukulilia peke yangu, Makame. Kila nikianza, mtu huyo, "Nyamaza, nyamaza, kunywa uji."

Kisha likaja la kunihamishia kwake Tunguu. Kazija ametayarisha chumba, kitanda kipo, pazia lipo. "Nyumba haina mwanamume," aliniambia. "Hata mlango wake haufungiki." Nilimtazama, nikangoja akumbuke nani aliyeufanya usifungike. Hakukumbuka. Akaendelea kuchambua mchele.

Ndipo nikanuia. Hivi vyumba viwili tumekaa tangu nikiwa bibi harusi. Kodi nimekuwa nikiitoa kwa cherehani yangu tangu moyo wako ulipoanza kukusumbua, na wewe ulikuwa ukiwatangazia watu bila ya haya kwamba mkeo ndiye mwenye nyumba. Sitoki. Na mwenye nyumba hufunga mlango wake.

Siku ya kutoka eda Kazija alikuja kunichukua tukawaamkie wazee wa ukoo, kama ada. Tulipofika Darajani nikamshika mkono, nikamwingiza kwenye duka la vifaa vya ujenzi.

"Natafuta plaizi ya kukunja," nilimwambia muuzaji. "Ya kutembea nayo."

"Ya zawadi, bi?"

"Yangu."

Akamtazama Kazija, kama anayeuliza huyu mwenzako mzima? Kazija keshajishika kiuno. "Jamani, wifi! Wazee wanatungoja na chai, wewe umesimama kwenye misumari!"

"Chai itapashwa moto."

"Mwanamke na plaizi mkobani! Watu watakuitaje?"

"Wewe wanakuitaje? Si unayo mkobani hapo ulipo?"

Muuzaji akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Kazija akaukumbatia mkoba wake. "Hii ni ya kaka yangu."

"Na mimi nataka iliyo yangu."

Muuzaji alinitolea kwanza moja kubwa, inang'aa kama kijiko cha wageni. "Hii ina kila kitu, bi. Hata dira."

"Dira ya nini, nisipotee Kikwajuni?"

Akacheka, akaniletea nyengine. Hapo, Makame, nikafanya ulivyokuwa ukifanya wewe, maana nilikaa miaka nikikutazama na wewe ukidhani nashona. Niliikunjua nikaishika mpini mmoja, nikautikisa mwengine, nisikie kama bawaba inacheza. Nikaziinua ncha za plaizi kwenye mwanga, nione kama zinakutana sawasawa. Nikatoa kisu, nikahakikisha kinajifunga kikisimama, kisije kunirudia vidoleni. Nikaigandamiza bisibisi kwenye ubao wa meza, nione kama inarudi nyuma. Ile kubwa ilinishinda kuikunjua, ukucha wangu ukakatika, na uzito wake ungevuta buibui upande mmoja nikawa natembea kama nina mguu mbovu. Ya pili ilikuwa nzuri, lakini bawaba zake tayari zina wekundu wa kutu, na bado imo dukani. Hewa yetu ya chumvi ingeimaliza kabla ya mvua za masika.

Ya tatu ilikuwa ndogo, ya kijivu, haikupakwa rangi wala nakshi. Iliingia mkononi mwangu, ikakunjuka kwa kidole kimoja.

"Hiyo imara, lakini haina sura, bi," muuzaji akasema.

"Sikuja kuchagua mchumba."

"Astaghfirullahi!" Kazija akajifunika mdomo kwa mtandio, lakini mabega yalikuwa yakitikisika. Ilikuwa mara ya mwanzo kumwona akicheka tangu tulipokuzika. Muuzaji akasema kama haja yangu ni skrubu tu, basi bisibisi ya kawaida ingenitosha. Nikamwambia kazi ya leo ni skrubu, ya kesho siijui, na sitaki tena kumngoja mtu aje na yake.

Chai tuliinywa, ilipashwa moto kweli. Alasiri nikarudi peke yangu, nikavua buibui, nikashusha lile kopo la biskuti. Tundu za mlangoni zilikuwa zimelegea. Nikazijaza njiti za kiberiti, nikazikata kwa kisu changu, nikatia skrubu nikakaza mpaka kiganja kikawaka moto. Ya mwisho imekaa upande. Nilijaribu kuinyoosha, ikakataa, nami nikachoka. Nikalisukuma komeo, likaingia. Kisha nikakaa chini nikakulilia kwa sauti, na hakuna aliyeniletea uji.

Asubuhi ya pili mlango ulisukumwa, ukagoma. Ukasukumwa tena kwa bega.

"Wifi! Mlango umekwama!"

"Haukukwama. Nimeufunga."

Nilisikia mfuko wa mkate ukihamishwa mkono huu kwenda huu. Niliogopa, nakwambia kweli, maana Kazija nampenda, na angeweza kushuka ngazi asirudi. Niliushika mdomo wangu kwa nguvu usimbembeleze.

"Hodi," akasema. Polepole, kama mgeni.

"Karibu, wifi yangu. Karibu sana."

Nikamfungulia. Alilitazama komeo, akapitisha kidole juu ya skrubu, akafika kwenye ile ya mwisho. "Hii imekaa upande."

"Naiona. Lakini inashika."

Akauweka mkate mezani. Kisha akaniuliza, "Na ukianguka ndani?"

Sikumficha. Nilimwambia naweza kuanguka, kama vile na yeye anavyoweza kuanguka Tunguu. Nikamwambia nitakuwa nampigia simu kila baada ya Alfajiri, na siku nisipopiga waje na mtaimbo, nawaruhusu. Akasema chumba kile atakiacha vilevile. Nikamwambia akiache, nitakuja kulala humo siku za furaha. Hakuridhika, Makame. Nami sikumwomba aridhike. Tulikunywa chai, na alipoondoka nilitia komeo naye anasikia.

Wanaosema mjane anaanza upya wananiudhi. Sianzi kitu. Naendelea pale tulipofika, isipokuwa sasa mwenye mfuko ni mimi. Jana pale Mwanakwerekwe mpini wa kikapu cha mama mmoja ulitoka, nikautia waya kabla muuza ndizi hajamaliza kumcheka. Watu walinitazama. Niliwaacha watazame.

Kaburini kwako nitakuja Ijumaa, nikuombee dua. Barua hii sitaileta huko. Naiacha isomwe na wanawake wengine waliotolewa makomeo kwa wema, nao wajue skrubu hurudi.

Kama nyinyi mliotangulia mmepewa ruhusa ya kutukumbuka sisi, basi nikumbuke.

Mkeo