Mfupa wa paja niliounolea mapanga

Kibaoni, Jumatano

Hata sasa sijatulia. Lile jiwe refu la uani, ambalo mimi na marehemu baba tumelinolea mapanga miaka yote, si jiwe. Ni mfupa. Paja la dinosaria.

Mimi niliyewaambia watu wa sokoni kwamba nilimbeba nyati mgongoni akiwa hai, leo ukweli umeupita uongo wangu.

Dada mmoja mtaalamu wa mifupa ya kale, aliyefika leo kutoka chuo kikuu, alipiga magoti akaupapasa. Akanionyesha kichwa chake cha mviringo, kinachoingia kwenye nyonga. Akashuka mpaka chini, kwenye vifundo viwili vya goti. Kisha akarudi katikati, upande wa nyuma, akapapitisha kidole.

"Mzee, hapa palikuwa na kinundu. Ndipo ulipojishikiza msuli wa mkia, ule unaovuta mguu nyuma anapotembea. Kingetusaidia kujua ni dinosaria wa aina gani. Nani amekisugua?"

"Ng'ombe," nikasema. "Wanakuja kujikuna."

Mke wangu akaguna mlangoni. "Ng'ombe wenye mapanga hao."

Dada hakumsikia, alikuwa anaandika.

Uongo wangu huwa unaishia sokoni. Tunacheka, kila mtu anakwenda kwake. Huu umeingia kwenye daftari la chuo, na nimeogopa kweli. Kuna msomi atakuja kuumiza kichwa juu ya ng'ombe ambao hata sina.

Kesho kabla hajapanda basi nitamfuata gesti. Nitamwambia ni mikono yangu iliyokimaliza kile kinundu, halafu nimwombe awafute wale ng'ombe.