Kapteni wa Rangi ya Kucha

Ijumaa, Machi 2012

Na mimi nilivyokuwa nimenuna! Ijumaa ndiyo siku pekee tunayopumzika pamoja, halafu Musa wangu anaingia na sanduku la mchezo mpya, vita vya sayari za mbali. Nikajua atawaita wenzake wa kazini, na siku yangu imekwisha.

Kumbe ameninunulia jeshi langu mwenyewe! Visanamu vidogo kama kidole gumba, vyenye helmeti na bunduki za ajabu. Kapteni nikampaka rangi ya kucha, ile nyekundu ya harusi yetu.

"Mke wangu, huyo ni askari au bibi harusi?"

"Mguse uone."

Tukatandika mkeka, sufuria zikawa milima. Atakayeshindwa ataosha vyombo. Unasogeza askari, unapima umbali, unarusha dadu. Sheria ni nyingi, sijui kama nitazishika, lakini nimeupenda! Bunduki yake kubwa ilipomwelekea kapteni, moyo ulinidunda kweli.

Musa akapima kwa tepu yangu ya kushonea. "Aah, risasi haifiki."

Lakini tepu aliilegeza katikati. Mimi nashonea watu nguo, najua tepu iliyolegea huongeza urefu. Angeivuta vizuri, kapteni angekuwa marehemu.

"Mbona unatabasamu?"

"Kapteni wangu ana bahati."

Nikarusha dadu, nikammaliza jemadari wake bila huruma.

Sasa yuko jikoni anaosha ile milima yetu, anaimba. Sitamwambia kwamba niliona.